Jifunzeni Kudaka

Wanangu, leo nawaletea habari za mwanamume mmoja wa Ujerumani ambaye baba yake ni Mtanzania. Anaitwa Robin Szolkowy. Alizaliwa tarehe 14 Julai 1979 katika mji wa Greifswald, kaskazini mwa iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Mama yake ni Mjerumani, muuguzi. Baba yake ni daktari. Alikulia Erfurt, na kazi iliyompa jina ni mchezo ambao sisi wa nchi za joto tunauona kwenye televisheni tu: kuteleza kwa mitindo juu ya barafu, mwanamume na mwanamke pamoja, muziki ukipigwa na waamuzi wakihesabu alama. Katika mchezo huo Robin alikuwa bingwa wa dunia mara tano.

Damu inanipa haki ya kujivunia kidogo, lakini siyo iliyonifanya nichukue kalamu. Nimeichukua kwa sababu ya aina ya kazi aliyoifanya. Wengi wenu siku hizi mnaingia kazini wawili wawili. Mmefungua karakana pamoja, duka la dawa, studio ya kurekodi muziki, shughuli ya kupiga picha za harusi. Nimeishi miaka ya kutosha kuona shughuli za namna hiyo zikizinduliwa kwa mbwembwe na kufa kabla ya mwaka wa pili, na mara nyingi zilipokufa mtaji ulikuwa bado upo. Kilichokosekana ni mtu wa kukubali kumshika mwenzake. Wote wawili walitaka kuwa yule anayetazamwa.

Sasa angalieni kazi ya Robin ilivyo. Chini ya kiatu cha barafu pana chuma ambacho unene wake ni kama milimita 4, na kwenye ncha ya mbele kina meno madogo ya kukita barafuni. Juu ya chuma hicho mwanamume anakwenda kwa kasi, anamshika mwenzake kiunoni na kumrusha juu ya kichwa chake. Mwanamke anajizungusha hewani mara tatu akiwa amelala, kisha anashuka. Mwanamume lazima awe pale pale chini yake, mikono wazi, amdake kiunoni kabla miguu yake haijagusa barafu, amteremshe taratibu na wote wawili waendelee kuteleza bila kusita. Mikono ikichelewa kidogo, mwanamke anaanguka kifuani kwa mwenzake, au kiwiko chake kinampiga usoni. Muziki hausimami kuwasubiri.

Kuna kunyanyua, ambapo mwanamume anamshikilia mwenzake juu kwa mkono ulionyooka huku yeye mwenyewe akizunguka uwanja. Kuna mzunguko wanaouita wa kifo. Mwanamume anakunja magoti, anakita meno ya kiatu barafuni na kubaki hapo hapo, huku amemshika mwenzake kwa mkono mmoja. Mwanamke analala karibu na barafu na kumzunguka, kichwa chake kikipita juu kidogo tu ya ardhi ile ngumu. Kinachomzuia asitupwe pembeni ni mkono mmoja wa mwenzake.

Na macho ya watu yanakuwa wapi? Kwa mwanamke. Yeye ndiye anayepaa na ndiye anayetua. Mwanamume akiifanya kazi yake sawasawa, watazamaji wengi wanamsahau. Mimi nimemtazama Robin mara nyingi, na nionavyo hakuna aliyeweza kuifanya kazi hiyo ya kusahaulika kwa heshima kama yeye. Mgongo umenyooka, uso umetulia, mikono inafika kabla haijahitajika.

Hakuzaliwa na ustadi huo. Alianza kuteleza akiwa na miaka minne, na kwa miaka mingi aliteleza peke yake. Alipohamia mchezo wa wawili, mwaka 2001 alitwaa ubingwa wa Ujerumani akiwa na Claudia Rauschenbach, na baadaye ushirika huo ukafikia mwisho. Akabaki bila mwenzi, na katika mchezo huu asiye na mwenzi hana kazi, hata awe hodari vipi.

Mwaka 2003 akaja Aljona Savchenko. Alikuwa msichana wa miaka 19 kutoka Ukraine, tayari amekuwa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 2000 akiwa na Stanislav Morozov, na amekwenda Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002, wakashika nafasi ya 15. Ushirika wake nao ulikuwa umevunjika. Akasafiri mpaka Chemnitz, mji ambao zama za Ujerumani Mashariki uliitwa Karl-Marx-Stadt, ambako Katarina Witt alifundishwa na Jutta Müller hadi akashinda dhahabu mbili za Olimpiki, 1984 na 1988. Hapo alikuwapo kocha Ingo Steuer, bingwa wa dunia wa mwaka 1997 akiwa na Mandy Wötzel. Steuer akawaunganisha: binti aliyechemka kwa hamu ya ushindi, na kijana wa miaka 23 aliye mtulivu.

Hapa ndipo ninyi vijana mnapopapita haraka mnaposoma habari za watu waliofanikiwa. Mnataka kufika kwenye medali. Nawaomba mkae kidogo kwenye miaka ile ya katikati. Mwaka 2006 walikwenda Olimpiki ya Torino. Aljona alikuwa amepata uraia wa Ujerumani mwishoni mwa Desemba 2005, wiki chache tu kabla ya michezo. Wakawa wa sita. Mwaka 2007 wakachukua ubingwa wa Ulaya mjini Warsaw na shaba ya dunia mjini Tokyo. Dhahabu ya kwanza ya dunia ilikuja Machi 2008 mjini Gothenburg, Sweden, na ilikuwa ya kwanza kwa Ujerumani katika mchezo wa wawili tangu ile ya kocha wao mwenyewe. Hesabuni tangu 2003. Ni miaka mitano ya kurushana na kudakana kila siku kabla dunia haijawaita mabingwa. Ninyi mwenzenu mnampa miezi mingapi kabla ya kuanza kumsema kwa watu?

Na miaka hiyo haikuwa shwari. Mapema mwaka 2006, Torino ikiwa mlangoni, ilifahamika kwamba Ingo Steuer alipokuwa kijana aliwahi kuwa mtoa habari wa Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki. Jeshi la Ujerumani, lililokuwa limemwajiri kama mwanamichezo na kocha, likamwondoa. Kamati ya Olimpiki ya nchi yake ikataka asiende Torino. Akaenda mahakamani, akapata amri ya kumruhusu. Baada ya hapo fedha za serikali zisingemlipa kocha huyo. Robin na Aljona wangeweza kuchagua kocha mwingine na kubaki na mfuko wa taifa. Walikaa na Steuer, na wakabeba wenyewe gharama ya uamuzi huo.

Jambo hili ni zito na sitaki kulipita juu juu. Stasi iliwaumiza watu wengi sana. Waliofungwa, waliopoteza kazi, waliokuja kugundua kwamba rafiki wa karibu alikuwa akiandika taarifa zao, wana haki ya kukasirika mpaka leo, na dola iliyokataa kutoa fedha ya umma ilikuwa na sababu ya kufanya hivyo. Siwafundishi kuficha makosa ya wakubwa wenu. Mkubwa wako akikosea, kosa lijulikane na alijibu yeye. Ninachowataka mkione ni jinsi vijana wawili walivyoendelea kumhitaji mwalimu wao na kukubali kulipa bei, bila kumtaka mtu mwingine awalipie. Ukichagua kubaki na mtu ambaye jamii imemnyooshea kidole, usilalamike kwamba jamii haikuchangii. Beba mzigo, fanya kazi.

Mwaka 2009 wakatetea ubingwa wa dunia mjini Los Angeles. Kwa hiyo walipofika Vancouver, Februari 2010, walihesabiwa miongoni mwa watu wa kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Kwenye programu fupi, sehemu ya kwanza ya mashindano, walikuwa wa pili kwa alama 75.96, nyuma ya Shen Xue na Zhao Hongbo wa China waliopata 76.66. Pengo hilo mtu angeweza kulifuta kwa mruko mmoja mzuri.

Kwa programu ndefu walikuwa wamechagua muziki wa John Barry uliotungwa kwa ajili ya filamu ya Out of Africa, ile inayosimulia maisha ya Karen Blixen katika Kenya ya wakoloni. Kwangu mimi lilikuwa jambo la kugusa moyo, mtoto wa Mtanzania akiteleza juu ya barafu ya Kanada kwa muziki uliotungwa kwa ajili ya nyika za jirani zetu. Katikati ya programu, kwenye mruko wa Axel ya mizunguko miwili na nusu, ambao kila mmoja anauruka mwenyewe akiwa ubavuni mwa mwenzake, Robin akaanguka.

Aliyeanguka ni yeye, mtu wa kudaka. Katika mruko ule mwenzako hawezi kukusaidia. Kila mmoja yuko peke yake kwa muda wa pumzi moja. Akainuka, akamfuata Aljona, na kazi yote iliyobaki ya kunyanyua na kurusha ikamsubiri, kwa mikono ile ile na akili ambayo sasa inajua kwamba dhahabu imeponyoka. Hebu fikirieni hilo. Umekosea mbele ya dunia nzima, na sekunde chache zijazo mtu mwingine anakukabidhi mwili wake umrushe hewani. Huna ruhusa ya kujisikitikia. Ukijisikitikia, utamvunja mwenzako. Walimaliza kwa alama 210.60, nyuma ya Shen na Zhao wenye 216.57, na nyuma ya Wachina wengine, Pang Qing na Tong Jian, wenye 213.31. Shaba.

Wanangu, mimi nadhani mtu anajulikana zaidi hapo kuliko kwenye ushindi. Siku mmoja wenu atakapopoteza fedha za duka, au atakapokosea hesabu ya mteja mkubwa, kuna mambo mawili yatakayowezekana. Aliyekosea anaweza kunywea na kuanza kujitetea, na asiyekosea anaweza kwenda kusimulia mtaani. Wakifanya hivyo biashara imekufa, hata kama mlango utabaki wazi kwa miezi. Au aliyekosea anarudi kwenye nafasi yake mara moja na kuendelea kudaka, na mwenzake anaendelea kujirusha akiamini kwamba mikono itakuwapo. Robin na Aljona walifanya hili la pili. Mwezi mmoja baadaye walipata medali ya fedha kwenye ubingwa wa dunia uliofanyika Torino.

Mwaka uliofuata mashindano ya dunia yalikuwa yafanyike Tokyo, lakini tetemeko la ardhi na tsunami vya Machi 2011 vikayahamishia Moscow mpaka mwishoni mwa Aprili. Huko waliteleza kwa muziki wa Pink Panther wa Henry Mancini, programu ya furaha na vituko. Jumla yao ilikuwa 217.85, alama ambayo hakuna jozi iliyokuwa imewahi kuifikia katika mashindano ya dunia wala Olimpiki. Dhahabu ya tatu. Ya nne ilikuja mwaka 2012 mjini Nice, Ufaransa, na tofauti kati yao na Warusi Tatiana Volosozhar na Maxim Trankov ilikuwa alama 0.11. Volosozhar huyo aliwahi kufanya mazoezi Chemnitz kwa Steuer, akiwa na Stanislav Morozov, yule yule mwenzi wa zamani wa Aljona. Waliogawana uwanja wa mazoezi wakaja kugombea medali, na Volosozhar akaenda kutwaa dhahabu ya Olimpiki huko Urusi. Jirani yako wa leo kazini anaweza kuwa mshindani wako kesho. Msalimie vizuri tu.

Olimpiki hiyo ya Urusi ilikuwa Sochi, Februari 2014. Robin alikuwa na miaka 34, na wote walijua kwamba hakutakuwa na nyingine kwake. Baada ya programu fupi walikuwa wa pili. Mwishoni mwa programu ndefu walikuwa wameweka mruko wa kurushwa wa Axel ya mizunguko mitatu na nusu, mwanamke akiruka huku uso ukitazama anakokwenda na kutua akirudi kinyumenyume. Ni katika mambo magumu kabisa ya mchezo huo, na wachache mno waliwahi kuuthubutu. Na waliuweka mwisho, miguu ikiwa imechoka. Robin alimrusha, Aljona akaanguka. Wakapata alama 215.78 na shaba nyingine. Fedha ilikwenda kwa Ksenia Stolbova na Fedor Klimov kwa 218.68.

Kuna watakaosema wangerusha mruko mwepesi zaidi wangechukua fedha. Huenda. Mimi siwalaumu. Miaka kumi na zaidi waliifanya kazi kwa ajili ya dhahabu, na walikwenda kuitafuta kwa njia waliyokubaliana wote wawili. Neno ninalolikazia hapo ni kukubaliana. Hatari mliyoiamua pamoja, hata ikiwaangusha, haiwatenganishi. Hatari aliyoichukua mmoja kwa siri inavunja nyumba hata ikileta faida. Basi kama mnataka kukopa, kuhama mji au kubadili biashara, kaeni chini wawili, semeni yote, na kila mmoja awe huru kusema hapana.

Wangeweza kuishia pale Sochi na uchungu wao. Mwezi uliofuata walikwenda Saitama, Japani, wakachukua dhahabu ya tano ya dunia kwa alama 224.88. Kutoka 2007 mpaka 2014 hawakukosa medali ya dunia hata mwaka mmoja: miaka minane, medali nane. Sijui ni wangapi kati yetu tunaweza kuonyesha miaka minane ya kazi nzuri isiyokatika. Baada ya hapo Robin akavua viatu vya mashindano.

Aljona hakuvua. Alitaka ile dhahabu ya Olimpiki, akamtafuta mwenzi mwingine, Bruno Massot wa Ufaransa, akaanza upya. Robin akawa kocha. Alikwenda Moscow, katika kundi la kocha Nina Mozer, akawafundisha Evgenia Tarasova na Vladimir Morozov. Kwa hiyo Februari 2018, kule PyeongChang, Korea Kusini, aliyewahi kumdaka Aljona kwa miaka kumi na moja alisimama nje ya barafu upande wa washindani wake.

Baada ya programu fupi Tarasova na Morozov walikuwa wa pili, Aljona na Massot wa nne. Kesho yake Aljona na Massot wakateleza programu ndefu ya alama 159.31, ambayo haikuwa na mfano mpaka siku hiyo, na wakashinda kwa jumla ya 235.90 dhidi ya 235.47 za Sui Wenjing na Han Cong wa China. Wanafunzi wa Robin wakamaliza wa nne. Aljona alikuwa na miaka 34, na ile ilikuwa Olimpiki yake ya tano. Dhahabu aliyoikosa mara tatu akiwa na Robin aliipata akiwa na mtu mwingine.

Kuna vijana watakaosoma hapo na kumwonea huruma Robin, waseme alitumika kama ngazi. Nawakatalia kabisa. Ustadi alioupeleka Aljona PyeongChang ulijengwa pia Chemnitz, katika maelfu ya mirusho ambayo mikono ya Robin iliipokea salama. Yeye mwenyewe ana dhahabu tano za dunia, nne za Ulaya na shaba mbili za Olimpiki, mwili wa kutembea nao, na ujuzi ambao Moscow ilimwita aende kuufundisha. Hakudhulumiwa kitu. Ushirika ulianza, ukafanya kazi, ukamalizika siku yake ilipofika, na kila mmoja akaenda na sehemu yake. Kazi za watu wawili zinaruhusiwa kumalizika. Kinachoharibu ni kuzimaliza kwa kusingiziana wizi, kwa kufungiana simu, kwa kugombania jina la duka mpaka mahakamani. Mkiona wakati umefika, gawaneni mchana kweupe, mbele ya shahidi, na hesabu zikiwa mezani.

Na ninyi ambao katika ushirika wenu ndio mnaoshika funguo, mnaolipa kodi ya pango kwa wakati, mnaojibu wateja wenye hasira huku mwenzenu akipigwa picha, msione mmeachwa nyuma. Shikilieni nafasi hiyo kwa heshima, na daini haki yenu ya fedha kwa sauti ya wazi, kwa sababu anayedaka naye anakula. Medali zile walivishwa wote wawili, moja kwa kila shingo, za aina ile ile.

Basi nawaomba jambo moja. Kesho mkikutana kazini, kabla hamjafungua daftari la mauzo, kila mmoja amuulize mwenzake: ni wapi huwa nachelewa kukudaka? Muulize, halafu nyamaza mpaka amalize kusema. Mkishasikilizana, anzeni kurekebisha pale pale alipopataja.